Elimu ya Afya na Cheti cha Kidato cha Nne: Mfano wa Uji wa Songea

Mkoa wa Ruvuma, ambao makao yake makuu ni mji wa Songea, umehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa inayolilisha Taifa kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Wakati wa mavuno magunia hupangwa kwa maelfu mbele ya maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na malori huyachukua kwenda mikoa yenye upungufu. Mgeni aonaye shehena hizo angedhani kwamba njaa haijulikani huko, na kwa maana ya tumbo tupu hangekuwa amekosea sana.

Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika mkoa huo watoto wapatao 44 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani vimo vyao vilikuwa vifupi mno kuliko vinavyostahili kwa umri wao. Katika utafiti wa mwaka 2022 idadi hiyo ilishuka hadi karibu 36. Kwa Tanzania nzima hesabu zilikuwa 34 na 30. Udumavu si jambo la ufupi tu. Mtoto aliyedumaa kabla ya kutimiza miaka miwili huugua mara nyingi zaidi, huchelewa kujifunza, na hasara hiyo hairudishwi kwa urahisi hata akilishwa vizuri baadaye.

Yawezekanaje basi mtoto adumae kando ya ghala lililojaa? Sababu ni nyingi: maradhi ya kuhara, malaria, kazi nyingi za mama shambani, mimba zinazofuatana upesi. Lakini mojawapo imo ndani ya sufuria, nayo yaweza kuelezwa kwa hesabu ndogo. Mtoto wa miezi tisa mwenye uzito wa kilo 8 ana tumbo linaloweza kupokea kiasi cha gramu 240 za chakula kwa mlo mmoja. Uji wa mahindi ulio mwepesi kiasi cha kunyweka huwa na gramu 8 hivi za unga katika kila gramu 100, na gramu moja ya unga hutoa kilokalori tatu na nusu. Kwa hiyo mlo mmoja humpa mtoto kilokalori 67 tu. Akinyweshwa mara tatu kwa siku hupata 200, ilhali mahitaji yake ya siku, mbali na maziwa ya mama, ni kiasi cha 300. Tumbo limejaa, mtoto amenyamaza, mama ameridhika. Na mwili una njaa.

Dawa inayokuja akilini upesi ni kuongeza unga. Lakini uji wenye gramu 20 za unga katika gramu 100 huwa mzito kama ugali laini, na mtoto mchanga hawezi kuumeza. Hapa ndipo kinapofaa kitu ambacho bibi wa Kingoni au wa Kimatengo anakijua tangu utoto wake, ingawa kwa shughuli nyingine: kimea. Ulezi ukilowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa, huwa umejaa kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukata minyororo mirefu ya wanga kuwa vipande vifupi na sukari. Ndicho kiwezeshacho pombe kuchachuka. Kijiko kimoja cha unga wa kimea kikikorogwa katika uji mzito uliokwisha kupoa kidogo, baada ya dakika chache uji hulegea na kumiminika, na unga haukupungua hata chembe. Mlo uleule sasa hutoa kilokalori 168. Wataalamu wa lishe nchini waliuchunguza uji huu na kuupigia mbiu katika miaka ya 1980. Yafaa kuongeza kwamba mahindi, hata yakiwa mengi, yana upungufu wa lisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga mwili. Ndiyo maana maharage au karanga hazina budi kuingia katika sufuria hiyo.

Sasa tumtazame mwanafunzi wa sekondari mjini Songea. Katika Baiolojia anafundishwa kwamba mate yana amilesi, na kwamba amilesi huvunja wanga. Katika maabara anadondosha iodini juu ya chakula na kuona rangi ya samawati iliyoiva kuwa nyeusi, ishara ya wanga. Anayaandika haya katika daftari, na huenda akayajibu vizuri katika mtihani. Jioni anarudi nyumbani, ambako bibi ameanika ulezi uliochipua uani na mdogo wake ananyweshwa uji mwepesi, wala hapana aliyemwambia kwamba vitu hivi vitatu ni somo moja.

Zaidi ya hayo, cheti chake hakimdai ajue. Elimu ya afya haikukosekana katika mihtasari ya sekondari: usafi wa mwili, huduma ya kwanza, maradhi ya kuambukiza, UKIMWI, lishe na uzazi vilipewa nafasi ndani ya Baiolojia. Lakini daraja la mtahiniwa wa Kidato cha Nne hupatikana kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na alama ya D katika masomo mawili, au C katika moja, humtosha kupata daraja la nne. Mtu aweza kuanguka kabisa katika somo lenye habari zote za afya na bado akatoka na cheti mkononi. Elimu ya afya hufundishwa kwa wote na haidaiwi kwa yeyote.

Nchi nyingine zimeamua vingine. Jimbo la New York nchini Marekani halimpi kijana shahada ya sekondari pasipo kusoma elimu ya afya kwa muda wa muhula mmoja. Ufini imeifanya kuwa somo la peke yake, na tangu mwaka 2007 imo katika mtihani wa kumaliza sekondari ya juu. Wala Tanzania yenyewe si mgeni katika fikra ya kudai zaidi ya kalamu na karatasi. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kazi na tabia ya mwanafunzi zilianza kuhesabiwa pamoja na mtihani wake. Kasoro ilikuwa kwamba tabia haina mizani, na mwalimu aliyekaa na kijana miaka minne si mwepesi wa kumnyima alama. Uji, kwa bahati njema, una mizani.

Kuna wanaosema kwamba mahali pa elimu ya afya ni kijijini, si shuleni, nao wana hoja nzito. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kuizunguka redio, na vyoo vikachimbwa kwa wingi. Katika mkoa wa Iringa, mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983 uliwafanya wanavijiji wa vijiji 168 wawapime watoto wao wenyewe na kujadili sababu. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka 56 hadi 38 katika kila 100. Ni mafanikio ya kustahili heshima. Lakini utafiti wa mwaka 2022 uliukuta mkoa huohuo wa Iringa ukiongoza nchi kwa udumavu, karibu watoto 57 katika kila 100. Vipimo hivi viwili si kimoja, kwa kuwa kimo si uzito, na haifai kuvilinganisha moja kwa moja. Hata hivyo jambo moja ni wazi: mama aliyefundishwa mwaka 1985 ni bibi leo, na mjukuu wake hakuhudhuria mkutano ule. Kampeni hupita, shule hupokea kundi jipya kila Januari.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni la haki. Kumnyima cheti kijana ambaye shule yake haina mwalimu wa sayansi wala maabara ni kumwadhibu kwa kosa la wengine. Basi sharti liibane shule kwanza: isiruhusiwe kupeleka watahiniwa mpaka imewapitisha katika jaribio lenyewe. Tena Kidato cha Nne ni kuchelewa. Katika utafiti wa mwaka 2022, wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Sharti likiwekwa mwishoni tu, litawakosa hasa wale walio karibu zaidi na sufuria ya mtoto. Kidato cha Pili pangefaa zaidi.

Na jaribio lenyewe si la gharama. Mtahiniwa apewe unga wa mahindi, unga wa kimea, vikombe viwili na matone ya iodini. Apike uji mzito, augawe, atie kimea katika kikombe kimoja, aeleze kwa nini hakukitia ukiwa unachemka (joto la kuchemka huua kimeng'enya), na kwa nini baadaye huurudisha jikoni (vijidudu). Apewe na kadi ya kliniki yenye mstari wa uzito uliolala kwa miezi mitatu, aseme angemwambia nini mama mwenye kadi hiyo. Mwisho aulizwe juu ya hatari: kwamba kimea kisichokaushwa upesi juani huota ukungu, na ukungu waweza kuzaa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara walipokula mahindi yaliyoharibika, na kwamba machipukizi na vijizizi vya mtama, tofauti na vya ulezi, vina kemikali inayotoa sianidi, hivyo huna budi kuvipukuta vyote kabla ya kusaga.