Aelezaye hesabu ndiye aliyeielewa

Katikati ya miaka ya 2000, mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upili jijini Winnipeg, Kanada, alianzisha zamu: kila siku mwanafunzi mmoja aliandika muhtasari wa somo kwenye blogu ya darasa, kisha akamteua mwandishi wa somo lifuatalo.

Faida yake ni ipi? Mwanafunzi aulizwapo x² = 9 huenda akaandika 3 na kutulia. Akilazimika kuwaeleza wenzake sababu, hutambua kuwa −3 pia ni jibu, kwani hasi mara hasi huwa chanya. Asipotambua, wenzake humsahihisha kabla ya mtihani, si baada yake.

Pasipo na intaneti, daftari moja la kupokezana darasani linatosha, mradi mwalimu alisome.