Mti wa Sebuleni Ukizaa Tini

Mara nyingi anayeziona kwanza ni yule anayefuta vumbi. Kwenye kwapa la jani, pale linapoungana na tawi, zimetokea punje mbili za kijani, ngumu, ndogo kuliko zabibu. Mti wenyewe ni ule wa majani membamba yanayoinama, unaopandwa sana kwenye vyungu vya sebuleni na maofisini: Ficus benjamina. Hofu ya kwanza huwa wadudu. Lakini wadudu wa magamba hukaa bapa juu ya tawi, na ukiwakwangua kwa kucha hubanduka. Punje hizi ni za mviringo, hukaa mbilimbili, na kila moja ina kitundu kidogo kileleni. Ni tini. Mti huu ni ndugu wa mtini na mkuyu, jambo ambalo wengi wanaoununua hawaambiwi.

Ukipasua tini hukuti nyama na kokwa. Unakuta uwazi uliozungukwa na maua madogo mno, yote yameelekea ndani. Kwa hiyo mti wako umechanua, ila maua yake yamefungiwa, na nyuki hawezi kuyafikia. Anayeweza kupenya kwenye kile kitundu ni nyigu wa milimita mbili hivi. Jike huingia kwa kujibana hadi mabawa yakang'oka, hupaka maua chavua aliyokuja nayo, hutaga mayai na kufia humo humo. Wanawe wa kiume hawana mabawa; kazi yao ni kupanda majike na kuwatobolea njia ya kutokea. Majike hao hutoka na chavua mpya kutafuta tini nyingine.

Aina za miti ya ukoo huu zinazidi 750, na kwa kawaida kila aina ina nyigu wake. Mkuyu wetu wa Afrika Mashariki una wake. Wa benjamina anatoka Asia, kwenye asili ya mti huo, na sebuleni kwako hafiki. Ndiyo maana tini za ndani ya nyumba huanguka changa, au huiva bila mbegu zinazoweza kuota. Wakulima wa California walilijua hilo kwa hasara: mitini waliyoagiza kutoka Smyrna, Uturuki, katika miaka ya 1880 ilidondosha matunda msimu baada ya msimu, mpaka nyigu wake walipoletwa kutoka Algeria mwaka 1899.

Kuzaa si ugonjwa. Ni dalili kwamba mti umekomaa na unapata mwanga wa kutosha, basi usiuhamishe.

Suala la afya liko kwenye utomvu. Jani, tawi na tini changa vyote hutoa maziwa meupe yanayoweza kuwasha ngozi na macho, na yakimezwa huchafua tumbo. Tini hizi si za kula, hata zikigeuka nyekundu na kupendeza. Mtoto akitafuna, msuuze mdomo, mpe maji na umwangalie. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali. Paka na mbwa nao hutapika wakizitafuna.

Lipo pia jambo lisilozungumzwa vya kutosha, nalo ni mzio. Chembe za utomvu huu hukauka, huchanganyika na vumbi la majani na kuvutwa puani. Baadhi ya watu hupiga chafya, hutokwa machozi au hubanwa na kifua ndani ya chumba chenye mti huo. Wapo ambao baadaye huwashwa mdomo wakila tini halisi, papai au ndizi, kwa kuwa mwili hufananisha protini za matunda hayo na zile za utomvu.

Kwa hiyo vaa glavu unapopogoa, nawa mikono kwa sabuni, na futa majani kwa kitambaa chenye maji badala ya kupangusa kwa kikavu. Na kama kuna mtu nyumbani ambaye mafua yake hayaishi, mweleze daktari kwamba mna mti huo ndani.