Kazi ya Mtafiti wa Maji katika Nchi ya Floraidi

Mtafiti wa kutibu maji ya kunywa ni mtaalamu anayechunguza kilichomo ndani ya maji, akabuni njia ya kukiondoa au kukipunguza, kisha akaithibitisha njia hiyo kwa vipimo ambavyo mtaalamu mwingine anaweza kuvirudia. Fundi wa mtambo hutumia njia iliyokwisha kukubaliwa. Mtafiti hushughulika na maji yaliyozishinda njia zilizozoeleka, na katika Afrika Mashariki mfano ulio wazi ni maji yenye floraidi ya maeneo yanayouzunguka Mlima Meru.

Floraidi ni madini ambayo kwa kiasi kidogo huimarisha meno, lakini yakizidi huyaharibu. Huyeyuka taratibu kutoka katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, hata chemchemi yenye maji maangavu, yasiyo na harufu yoyote, ikawa na zaidi ya miligramu 10 kwa lita, ilhali kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyofutika, na anayeyatumia kwa miaka mingi anaweza kukakamaa viungo na kupinda mifupa. Kuyachemsha, ushauri unaofaa sana dhidi ya kipindupindu, hakusaidii hapa, kwani mvuke hupaa na kuiacha floraidi yote sufuriani katika maji yaliyopungua.

Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeshughulika kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe iliyochomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, kwa nyuzi za Selsiasi 400 hadi 500 hivi, kisha ikasagwa na kuchekechwa. Sehemu kubwa ya mfupa ni madini yaitwayo haidroksiapataiti, ambayo huinasa floraidi maji yanapopita. Mfupa ukichomwa pungufu, maji hutoka na rangi na harufu. Ukichomwa kupita kiasi, uwezo wake wa kunasa hushuka. Joto sahihi likishapatikana, mkaa hujazwa katika bomba lililosimamishwa wima, maji yakapitishwa kwa kasi isiyobadilika, na sampuli zikachukuliwa kwa saa zilizopangwa na kupimwa kwa elektrodi, kifaa ambacho ncha yake huitambua floraidi, mpaka kiwango kinapovuka miligramu 1.5 kwa lita. Kiasi cha maji yaliyopita hadi hapo ndicho kinachoonyesha familia itumie chujio kwa muda gani kabla ya kubadilisha mkaa, na hesabu hiyo ikikosewa, watu hunywa maji mabaya wakiamini kuwa ni salama.

Hata mkaa ulio bora unaweza kukataliwa. Wapo wasiokubali maji yaliyopita kwenye mifupa bila kujua ni ya mnyama gani na amechinjwa vipi, na hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa maelezo, si kwa dharau. Tena magadi, yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi, huweza kuwa na floraidi nyingi, hivyo mtafiti anayepima maji peke yake na kukisahau chungu cha chakula atakuwa ameacha nusu ya kazi yake.

Anayeitamani kazi hii huhitaji msingi imara wa kemia, biolojia na hisabati tangu sekondari, kisha shahada ya kemia, uhandisi wa mazingira au rasilimali za maji, na baadaye masomo ya juu yanayomfunza kubuni majaribio yake mwenyewe. Mfano wa mtafiti wa aina hii ni Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, aliyebuni chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, na mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na taasisi ya kihandisi ya Uingereza.

Ili kuwaandaa watafiti kama hao, walimu wa kemia wa Arusha, Manyara na Singida wasingoje vifaa vya gharama kubwa. Wawafundishe wanafunzi kuchukua sampuli ya maji ya shule yao katika chupa safi ya plastiki, kuandika mahali na tarehe, kuipeleka kwenye maabara ya ubora wa maji iliyo karibu, na kuyajadili majibu darasani.