Maumivu ya Koo Yaishiapo Moyoni

Tuchukue mfano wa msichana wa shule ya upili atokaye Shika Adabu. Kila asubuhi ashukapo kwenye feri ya Likoni upande wa kisiwani, huwaacha wenzake waupande mwinuko ule, naye husimama kando, mkono kifuani, akitafuta pumzi. Wenzake humwita mvivu. Yamkini si mvivu. Huenda moyo wake ulianza kuharibika alipokuwa na umri wa miaka minane, kwa maumivu ya koo ambayo hakuna aliyeyatia maanani.

Darasani twapenda kusema kwamba kinga ya mwili ni jeshi. Mfano huo ni mwema, ila tuongeze kwamba jeshi hilo hukosea. Mtu mzima apatwapo na mshtuko wa moyo, sehemu ya msuli ikafa kwa kukosa damu, seli nyeupe hufika pale baada ya saa chache, huondoa mabaki na kusaidia kuunda kovu. Bila kazi hiyo asingepona. Hata hivyo, mwaka wa 1956 daktari William Dressler wa New York alieleza habari za wagonjwa ambao, majuma kadhaa baada ya mshtuko, walishikwa na homa na maumivu ya kifua. Yasadikiwa kwamba kinga yao iliugeukia utando uuzungukao moyo.

Kwa watoto wetu kosa kama hilo huanzia kooni. Bakteria wa streptokoka wana protini zinazofanana na baadhi ya protini za moyo. Kinga iliyoamka kuwaangamiza huweza kuuandama moyo wenyewe, mithili ya askari amkamataye mwenye nyumba kwa kuwa kavaa kanzu kama ya mwizi. Majuma mawili au matatu baada ya koo kupona, mtoto hushikwa na homa na viungo huvimba: leo goti, kesho kiwiko. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, nayo huwapata hasa walio kati ya miaka 5 na 15. Nyumbani husemwa amecheza mpira mno. Viungo hupona, lakini vali za moyo hubaki na makovu, na kila shambulio jipya huyazidisha. Wanaoathirika zaidi ni wanawake, na wako wanaogundua maradhi hayo wakiwa waja wazito, moyo unapolazimika kusukuma damu nyingi kuliko kawaida.

Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, walichunguzwa watoto zaidi ya 800 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa huu, na matokeo yakatangazwa mwaka wa 2021. Nusu yao walidungwa penisilini kila baada ya majuma manne kwa miaka miwili. Kati ya hao, ni watatu tu ambao hali yao ilizidi kuwa mbaya. Kati ya wasiodungwa, 33.

Penisilini ni dawa kongwe, wala si ghali. Kazi ni kumfikisha mtoto zahanati. Si kila koo liumalo lina bakteria. Mengi huletwa na virusi na hupona yenyewe, na kwa sababu hiyo anayepaswa kuamua ni mganga, si muuza duka. Maji ya chumvi na tangawizi hutuliza maumivu, hayaui bakteria. Dawa ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo liume, homa hiyo huzuilika, mradi vidonge vimalizwe, visigawanywe na ndugu.

Nanyi walimu, mwanafunzi ambaye tayari ameugua hutakiwa kudungwa sindano kila majuma matatu au manne, aghalabu kwa miaka 10 au zaidi. Kwa macho hana ila. Siku ya sindano ikiangukia siku ya mtihani, apewe ruhusa bila kuhojiwa mara mbili. Na yule asimamaye kando pale kwenye mwinuko wa feri, kabla ya kuitwa mvivu, aulizwe kama aliwahi kuvimba magoti utotoni.