Kitulo kwa begi la mgongoni: fedha zinaishia wapi?

Familia ya watu wanne ikitoka Makambako kwenda kutembea kwa miguu kwenye maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ikalala usiku mbili na kurudi, ijiandae kwa takriban Sh427,500. Katika fedha hizo, kiingilio cha hifadhi hakifiki asilimia 4. Kinachotoboa mfuko ni kipande cha mwisho cha njia, pale basi linapoishia.

Tuanze na nauli, maana ndiyo inayotajwa kwanza mtu akisikia neno safari. Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60. Njombe hadi Makete kupitia Moronga ni kilomita 107.4, lami. Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023, abiria wa basi la kawaida kwenye lami hulipa Sh48.47 kwa kilomita. Zidisha: Sh2,908 hadi Njombe, Sh5,206 zaidi hadi Makete. Kwenda na kurudi ni Sh16,228 kwa mtu, au karibu Sh65,000 kwa watu wanne, tukichukulia kila mtoto ana kiti chake. Wakipanda daraja la kati, la Sh67.84 kwa kilomita, inafika karibu Sh91,000.

Toka Makete mjini kwenda uwanda wa Kitulo, hesabu inabadilika. Hapo mwenye familia anakodi gari, na gari hulipwa kwa siku, si kwa kichwa. Tukiweka makisio ya Sh150,000 kwa gari la kupanda milima, kila mmoja wa wanne anabeba Sh37,500. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya nauli yake yote ya kwenda na kurudi Makambako.

Bajeti nzima, kwa wazazi wawili na watoto wa miaka 14 na 9, inasimama hivi:

– Mabasi, kwenda na kurudi: Sh65,000
– Gari la kukodi, siku moja: Sh150,000
– Vyumba viwili vya gesti kwa Sh25,000, usiku mbili: Sh100,000
– Chakula, Sh8,000 kwa mtu kwa siku, siku tatu: Sh96,000
– Kiingilio, Sh5,000 kwa mkubwa na Sh2,000 kwa mtoto, pamoja na VAT ya asilimia 18: Sh16,520

Gari, gesti na chakula ni makisio. Mwenye bei zake aziweke hapo. Mwongozaji hayumo, aulizwe bei mapema. Lakini hata ukivuta makisio huku na huku, picha haibadiliki sana. Hifadhi ikifuta kiingilio kabisa, familia inaokoa Sh16,520. Ikipata familia ya pili ya watu wanne wa kujazana nao kwenye Land Cruiser moja, kila upande unaokoa Sh75,000.

Njia nyingine ni kubaki kwenye barabara kuu ya Mbeya hadi Chimala, kisha kupanda kusini hadi Matamba kwa barabara iitwayo Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake kali. Matamba ipo karibu zaidi na hifadhi na ina nyumba za kulala wageni za kawaida. Kutoka hapo hadi uwandani ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Lami inapungua, lakini mlima uleule bado unadai gari.

Kitulo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina kilomita za mraba 412.9. Ingeingia ndani ya Serengeti zaidi ya mara 35. Lakini ina aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi za ardhini, na haina makundi ya wanyama wakubwa. Ndiyo maana inatembeleka kwa miguu: ukishafika, huhitaji gari la kuzunguka nalo kutwa nzima.

Miguu nayo ina gharama yake. Uwanda uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo nyuzi 30 za Dar es Salaam huwa kama 13 huku. Maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, na maharage yatakumalizia gesi. Viazi vya Njombe vilivyochemshwa gesti asubuhi vinakupa shibe bila jiko. Mtoto wa kilo 28 abebe sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 2.8: sweta, koti la mvua na maji yake lita moja. Maji ya wote, lita mbili kwa kila mtu, ni kilo 8, na sehemu kubwa itakuwa mgongoni mwa wazazi.

Kalenda nayo ina bei. Maua hushamiri Desemba hadi Aprili, Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu. Likizo ya Desemba inaangukia maua yanapofunguka, pamoja na mvua na utelezi. Ya Juni inaangukia baridi, na hapo ongeza bajeti ya nguo nzito, hata kama ni za mitumba.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana na konda au kulalamikia kiingilio, mwenye safari atafute wenzake wanne. Bajeti ya familia itashuka hadi Sh352,520, yaani kama Sh88,000 kwa kila mtu kwa siku tatu.