Mnunuzi wa gari Songea: Bei ya haki huanza kutafutwa nyumbani, si kwenye yadi

ZAIDI ya kilometa 900 zinaitenganisha Songea na Dar es Salaam kwa njia ya Njombe, Makambako na Iringa. Kwa mkazi wa makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma anayetaka kununua gari kubwa la magurudumu manne, aina ambayo Watanzania wameibatiza jina la shangingi, umbali huo si suala la nauli na uchovu pekee. Umbali huo ni sehemu ya bei.

Sababu yake haihitaji elimu ya uchumi. Muuza gari anapobaini kuwa mteja aliye mbele yake amesafiri siku nzima, amelala nyumba ya wageni na fedha yake iko tayari benki, anatambua pia kuwa mteja huyo hapendi kurudi kwao mikono mitupu. Kuanzia hapo, mazungumzo ya bei huegemea upande mmoja.

Hali hiyo huwa nzito zaidi baada ya mavuno. Mahindi ya Songea na Namtumbo, kahawa ya Mbinga na korosho za Tunduru huingiza fedha kwa msimu, na wanunuzi wengi hufika sokoni kwa wakati mmoja. Shilingi milioni tatu au nne zinazozidi kwenye bei ya gari ndizo ambazo zingenunua mbolea ya msimu unaofuata, au kulipa ada za shule.

Hata hivyo, umbali hauna budi kumuumiza mnunuzi iwapo tu amefika sokoni bila hesabu. Anayeijua bei kabla ya kupanda basi hupatana kwa nguvu ile ile aliyonayo mkazi wa Kariakoo.

Kuifumua bei

Bei ya gari si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa gharama, na kila gharama ina mwenyewe. Mnunuzi anapaswa kujua ni ipi inayoweza kupunguzwa na ipi isiyogusika.

Magari mengi yanayouzwa nchini yametumika Japani kabla ya kuletwa. Matangazo ya kampuni za huko mara nyingi huonyesha kwanza bei ya FOB, yaani bei ya gari likiwa bado bandarini Japani. Bei inayojumuisha bima ya safari na nauli ya meli hadi Dar es Salaam huitwa CIF. Wapo wanaoiona bei ya kwanza wakadhani ndiyo ya mwisho, ilhali safari ya gharama ndiyo kwanza imeanza.

Baada ya hapo hufuata kodi. Kwa viwango vilivyozoeleka kwa miaka mingi, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya CIF. Ushuru wa bidhaa kwa gari lenye injini inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10 ya jumla ya CIF na ushuru wa forodha. Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ni asilimia 18 ya jumla yote hiyo. Gari lililozidi umri wa miaka 10 huongezewa ushuru mwingine wa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu.

Chukua mfano wa gari lenye CIF ya dola 10,000 na injini kubwa. Likiwa na umri chini ya miaka minane, kodi hizo tatu hufikia dola 6,225. Gari lenye thamani hiyo hiyo lakini lililozidi miaka 10 hutozwa dola 10,650. Tofauti ni dola 4,425, kabla ya tozo nyingine ndogo, gharama za bandari na malipo ya wakala wa forodha.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Gari kuukuu la dola 7,000 huonekana rahisi kuliko la miaka saba linalouzwa dola 9,000. Lakini kwa hesabu hiyo, la kwanza hufikia dola 14,455 na la pili dola 14,602. Zaidi ya dola 100 kidogo ndizo zinazoyatenganisha magari yaliyopishana umri kwa miaka kadhaa.

Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina kikokotoo katika tovuti yake kwa ajili ya magari yaliyotumika. Mtu huchagua aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, kisha huonyeshwa thamani na jumla ya kodi. Thamani hiyo ya TRA inaweza kuwa tofauti na bei iliyoandikwa kwenye ankara ya muuzaji, na viwango huweza kubadilika kila bajeti. Kwa hiyo ni busara kuangalia wiki ile ile ya kununua, kazi inayoweza kufanywa kwa simu mtu akiwa nyumbani kwake Songea.

Upya wa gari na upya wa namba

Neno "jipya" nalo linahitaji kuchunguzwa. Katika lugha ya mitaani, gari lenye herufi za karibuni kwenye namba ya usajili huitwa jipya. Lakini namba hueleza ni lini gari lilisajiliwa Tanzania, si lini lilitengenezwa. Gari linaweza kuwa na namba ya mwaka huu na umri wa miaka 12.

Umri wa kweli hutafutwa kwa namba ya chasisi. Kwa gari la Japani, muuzaji aombwe pia cheti cha kusafirishia gari nje na karatasi ya mnada. Karatasi hiyo huonyesha kilometa zilizosomwa siku ya mnada na daraja la ubora. Herufi R mahali pa daraja huashiria gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Kilometa za kwenye dashibodi zikiwa pungufu kuliko za kwenye karatasi, maana yake zimerudishwa nyuma.

Kwa gari ambalo halijatumika kabisa, mlango ni wa wakala rasmi. Huko bei ya msingi huwa ngumu kushuka, lakini yapo mengine ya kuzungumzia: matengenezo ya awali bila malipo, bima, vifaa vya ziada, na gari lililobaki ghalani tangu mwaka uliopita. Mnunuzi wa Songea aulize pia karakana inayotambuliwa na wakala iliyo karibu naye. Waranti inayomlazimu kusafiri mamia ya kilometa kila anapobadilisha oili ina gharama, na gharama hiyo ni hoja halali ya kuomba punguzo.

Kuketi mezani

Mwenye hesabu hana sababu ya kubembeleza. Huomba mchanganuo wa bei kwa maandishi: bei ya gari, kodi, bandari, usajili na faida ya muuzaji. Kodi haipatanwi. Faida ya muuzaji na malipo ya dalali, maarufu kama cha juu, ndiyo yanayopatanwa.

Aidha, bei itajwe kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kupokea malipo ya bidhaa kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Muuzaji wa yadi anayeng'ang'ania dola anajitengenezea nafasi ya kuchezea kiwango cha kubadilishia fedha.

Ni vyema kuwa na wauzaji watatu waliotoa bei ya gari la aina, mwaka na hali inayofanana, na kuzipata bei hizo kwa simu kabla ya safari. Kisha mnunuzi ajiwekee kiwango cha mwisho na kukiandika. Muuzaji akikizidi, mnunuzi aage kwa heshima na kwenda kwa wa pili. Asiyeweza kuondoka hapatani. Anasubiri tu kuambiwa kiasi atakacholipa.

Fundi wa kukagua gari awe wa mnunuzi. Fundi anayeletwa na dalali hulipwa pale biashara inapofanikiwa, na ripoti yake huelekea huko. Kila kasoro anayoiona fundi huru igeuzwe kuwa shilingi: tairi nne, shokapu, betri. Madai yenye namba ni magumu kukataliwa kuliko malalamiko ya jumla kwamba gari limechoka.

Karatasi kabla ya fedha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jina kwenye kadi ya gari lilingane na la anayeuza, na namba za chasisi na injini zilingane na zilizogongwa kwenye gari. Gari lililonunuliwa kwa mkopo mara nyingi kadi yake hushikiliwa na benki, hivyo muuzaji anayetoa kivuli cha kadi badala ya kadi halisi anapaswa kueleza sababu. Madeni ya faini za barabarani nayo huangaliwa kwa kutumia namba ya gari.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, malipo yapitie benki na risiti ya mashine ya kielektroniki itolewe na mfanyabiashara. Wapo wanaoshawishi mkataba uonyeshe bei ndogo kuliko iliyolipwa ili kukwepa kodi. Zaidi ya kuwa kosa, ni mtego: mgogoro ukizuka, aliyelipa milioni 40 lakini akatia saini milioni 25 atapata shida kudai zile 15. Mnunuzi aliyedanganywa na mfanyabiashara anaweza pia kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, lakini hata huko atahitaji karatasi.

Gari kwa ajili ya barabara ipi?

Swali la mwisho ndilo linalostahili kuwa la kwanza. Barabara ya Songea kwenda Makambako ni ya lami, na vivyo hivyo ya Mbinga hadi Mbamba Bay na ya Namtumbo hadi Tunduru. Anayesafiri kwenye barabara hizo pekee anaweza kutosheka na gari dogo la juu kama RAV4 au X-Trail, lenye injini isiyozidi cc 2,000, ambalo ushuru wake wa bidhaa ni mdogo na mafuta yake ni nafuu. Anayepanda milima ya Umatengo kufuata kahawa wakati wa mvua ana hoja tofauti, na huenda Prado ikamlipa.

Muuzaji huyasoma matamanio ya mteja haraka kuliko anavyosoma mfuko wake. Aliyeingia kwenye yadi akiijua barabara yake, hesabu yake ya kodi na kiwango chake cha mwisho anaweza kurudi Songea kwa gari au kwa basi. Kwa vyovyote vile, fedha ya mavuno yake itakuwa salama.