Dubu-maji atiwa rangi angali yaini: picha inapendeza, lakini je, yu hai?

Dubu-maji, mnyama wa miguu minane ambaye kwa kawaida hafiki hata milimita moja, anasifika kwa kutokufa ovyo. Spishi zake nyingi hukauka kabisa, kisha zikipata maji zinaamka. Lakini akiwa bado kiinitete, taa ya hadubini tu inaweza kummaliza.

Maabara nyingi hutumia spishi iitwayo Hypsibius exemplaris, iliyotokana na dimbwi moja nchini Uingereza. Mama hutaga mayai ndani ya gamba alilojivua, na baada ya siku 4 hivi yanaanguliwa. Mwili wake unapitisha mwanga kama kioo. Sasa tatizo ndilo hilo: seli zote zinaonekana sawasawa, hujui hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi.

Hapo ndipo inapokuja rangi ya kung'aa. Rangi hizi hupokea mwanga wa aina moja na kurudisha wa aina nyingine. Hoechst, kwa mfano, hunata kwenye DNA. Ikimulikwa kwa miale ya urujuanimno inatoa bluu. Seli ikigawanyika, mtazamaji anaona kidoa kimoja kikiwa viwili.

Kuna vikwazo. Kwanza, ganda la yai huzuia rangi nyingi. Kiinitete kilichokwisha kuuliwa kwa dawa unaweza kukitoboa ganda kwa sindano nyembamba, basi. Kilicho hai, tundu hilo hilo linaweza kukiua, kwa hiyo inabidi kutafuta rangi inayopenya yenyewe.

Pili, na hapa ndipo wengi hukwama, urujuanimno huharibu DNA, na Hoechst imekaa papo hapo kwenye DNA. Kiinitete kinaacha kukua, mtafiti anadhani ndivyo kilivyo, kumbe amekiunguza mwenyewe. Dawa yake ni rangi kidogo, mwanga hafifu, na picha za kuachiana dakika kadhaa badala ya kumulika mfululizo. Rangi zinazowaka kwa mwanga wa kijani au mwekundu ni za upole zaidi.

Video pekee haitoshi kuwa ushahidi. Mayai mengine ya mama huyo huyo huachwa bila rangi, na mengine hutiwa rangi lakini hayamulikwi. Yasiyotiwa rangi yakianguliwa na yaliyotiwa yasianguliwe, rangi ni sumu. Yakifa yaliyomulikwa tu, kosa ni la taa.